Kurudisha Mtandao Uliokatika Kwenye Linux na BSD Bila Kuwasha Mashine Upya

Mtandao unapokatika kwenye seva au kompyuta yenye Linux, mkono wa wengi hukimbilia kitufe cha kuzima. Mara nyingi mashine ikiwaka tena mtandao huwa umerudi, na kwa sababu hiyo desturi hii imeota mizizi hata katika ofisi zenye mafundi wazuri. Gharama yake haionekani papo hapo. Hifadhidata hukatizwa katikati ya kazi, nakala ya akiba iliyofika nusu huanza upya, na seva yenye diski iliyosimbwa husimama ikisubiri neno la siri ndani ya chumba ambacho ufunguo wake uko kwa mtu aliyesafiri. Kubwa kuliko hayo, ujumbe wa kerneli (kiini cha mfumo) unaoeleza kilichotokea hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, na katika mashine zisizouhifadhi kwenye diski hupotea mara tu umeme unapozimwa. Tatizo likirudi wiki ijayo, hakuna anayejua lilianzia wapi.

Mifumo ya aina ya Unix imejengwa kwa namna inayoruhusu kila kipande cha mtandao kusimamishwa na kuanzishwa peke yake: kadi, anwani, njia, majina, na huduma inayoviratibu vyote hivyo. Kinachohitajika ni kujua kipande kipi kimeanguka, kisha kukigusa hicho tu. Katika mwongozo huu nitatumia mfano wa seva moja ya Debian ambayo kadi yake ya waya inaitwa enp3s0, anwani yake ni 192.168.1.20, na lango lake, yaani ruta inayopeleka pakiti (vipande vya data) nje, ni 192.168.1.1. Kwenye mashine yako kadi inaweza kuitwa eth0, wlan0 au wlp2s0, kwa hiyo badilisha majina na namba kabla ya kunakili amri yoyote.

Kabla ya kugusa chochote

Andika hali ilivyo kwenye faili moja. Kazi hii haizidi nusu dakika, na ndiyo itakayokuokoa ukibadilisha kitu kisha ukasahau kilivyokuwa mwanzo:

    (date; ip -br link; ip addr; ip route; ip neigh; cat /etc/resolv.conf; sudo dmesg | tail -n 60) > ~/kabla.txt 2>&1

Baada ya hapo jiulize umekaa wapi. Ukiwa mbele ya mashine yenyewe, ukiwa na kibodi na skrini, unaweza kuendelea bila hofu. Ukiwa umeingia kwa SSH, yaani kutoka mbali kupitia mtandao, hali ni nyingine kabisa. Inawezekana mashine imepoteza njia ya kutoka nje lakini bado inafikika kutoka kompyuta ya jirani, au ina kadi mbili na moja tu ndiyo imeanguka. Katika hali kama hizo uko juu ya tawi ambalo unakaribia kulikata. Niliwahi kuzima kadi ya seva iliyokuwa mji mwingine kwa amri ya `ip link set enp3s0 down`, nikiwa nimeingia kupitia kadi hiyohiyo, nikikusudia kuandika amri ya kuiwasha katika mstari unaofuata. Mstari huo haukufika. Kituo kilichoitegemea seva ile kilikaa siku nzima bila mfumo wake hadi mtu aliposafiri kwenda kubonyeza vitufe vichache. Tangu siku hiyo sigusi kadi ya mbali kabla ya kuandaa njia ya kurudi.

Njia ya kurudi ni hati fupi inayorejesha mpangilio unaojulikana kuwa unafanya kazi. Iandike kwenye `/root/rudisha.sh`:

    #!/bin/sh
    ip link set enp3s0 up
    ip addr replace 192.168.1.20/24 dev enp3s0
    ip route replace default via 192.168.1.1 dev enp3s0

Ipe ruhusa ya kuendeshwa kwa `sudo chmod +x /root/rudisha.sh`, kisha iambie systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, iiendeshe baada ya sekunde 300 endapo hutaizuia:

    sudo systemd-run --unit=okoa --on-active=300 /root/rudisha.sh

Mambo yakienda sawa, futa agizo hilo kwa `sudo systemctl stop okoa.timer`. Yasipokwenda sawa, subiri dakika 5 na ujaribu kuingia tena. Pale ambapo ni lazima uzime kadi na kuiwasha, weka amri zote katika mstari mmoja ili ganda la amri liendelee nazo hata kama skrini yako imeganda:

    sudo sh -c 'ip link set enp3s0 down; sleep 3; ip link set enp3s0 up; ip route replace default via 192.168.1.1'

Sehemu ya mwisho ya mstari huo si pambo. Kadi inapozimwa, kerneli hufuta njia zote zilizopita kwenye kadi hiyo. Ikiwashwa tena, njia ya mtandao wa ndani hurudi yenyewe, lakini njia ya msingi (default, ya kutokea nje) iliyowekwa kwa mkono hairudi; anwani za IPv6 nazo kwa kawaida huondoka. Watu wengi huizima kadi na kuiwasha wakitegemea kupona, wakajikuta wamepoteza hata kile walichokuwa nacho. Habari njema ni kwamba muunganisho wa SSH wenyewe huvumilia mkatiko wa sekunde chache iwapo anwani haijabadilika, kwa hiyo usifunge dirisha kwa haraka.

Hatua ya 1: Tafuta mahali pakiti inapoishia

Amri ya ping iliandikwa na Mike Muuss mwaka 1983 kwa ajili ya shida ya namna hii hii: mtandao uliokuwa na tabia asiyoielewa. Hadi leo ndiyo pa kuanzia. Uliza maswali matatu, kutoka karibu kwenda mbali (1.1.1.1 ni seva ya umma iliyo nje, kwenye intaneti):

    ping -c 3 192.168.1.1
    ping -c 3 1.1.1.1
    getent hosts debian.org

Lango lisipojibu, tatizo liko kati yako na ruta, na hatua ya 2 hadi ya 4 zinakuhusu. Lango likijibu lakini 1.1.1.1 isijibu, ama njia ya msingi haipo kwenye mashine yako, ama tatizo liko nje ya mashine yako kabisa. Namba zikijibu lakini jina lisipatikane, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 5, kwa sababu waya, anwani na njia vyote ni vizima.

Tahadhari moja: ruta nyingine zimewekwa zisijibu ping. Ukishuku hivyo, tazama `ip neigh`. Lango likionekana na neno REACHABLE au STALE, mashine yako imewahi kusemezana nalo kwenye waya; likionekana na FAILED au INCOMPLETE, mashine inaita bila kuitikiwa.

Usidharau uwezekano kwamba tatizo si lako. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na watumiaji wa Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za ukanda huu wakaona mtandao ukidorora au kutoweka. Hakuna amri yoyote kwenye seva ya mtu ambayo ingeponya hilo. Kwa anayetumia modemu ya simu, chunguza pia salio la kifurushi, kwa kuwa modemu huendelea kuonyesha mawimbi mazuri na kutoa anwani hata pale data ilipokwisha. Kabla ya kuanza kubadilisha mipangilio, jaribu simu au kompyuta nyingine kwenye ruta hiyohiyo. Nayo ikikwama, iache mashine yako kama ilivyo na ushughulikie ruta au mtoa huduma.

Hatua ya 2: Waya, taa na redio

    ip -br link

Hapa watu hukosea kusoma. Neno DOWN peke yake linaweza kuwa na maana mbili, na tofauti iko ndani ya alama za mabano. Ukiona NO-CARRIER pamoja na UP, maana yake ni kwamba kadi imewashwa upande wako lakini haisikii kitu upande wa pili: waya umechomoka, swichi imezimika, au tundu la swichi limekufa. Ukiona neno UP halipo kabisa ndani ya mabano, kadi imezimwa na programu au mtu, na dawa yake ni `sudo ip link set enp3s0 up`. Kadi nzima huonyesha LOWER_UP.

Kwa NO-CARRIER hakuna amri itakayosaidia mpaka waya uguswe kwa mkono. Chomoa na uchomeke pande zote mbili hadi usikie mlio wa kufunga, tazama taa, jaribu tundu jingine la swichi, kisha jaribu waya mwingine unaojua kuwa ni mzima. Ukitaka undani zaidi, endesha:

    sudo ethtool enp3s0

Mstari wa mwisho utasema `Link detected: yes` au `no`. Tazama pia kasi. Kadi ya gigabiti inayoonyesha 100Mb/s badala ya 1000Mb/s mara nyingi ina waya uliojeruhiwa, kwa kuwa gigabiti huhitaji jozi zote 4 za nyaya za ndani ilhali megabiti 100 hutosheka na jozi 2. Mtandao wa namna hiyo hukatika na kurudi, hasa waya unapoguswa, na mafundi hupoteza siku nyingi wakitafuta kosa kwenye programu.

Kwa Wi-Fi, anza na `rfkill list`. Ikisema `Soft blocked: yes`, amri ya `sudo rfkill unblock wifi` inatosha. Ikisema `Hard blocked: yes`, kuna swichi au kitufe kwenye kompyuta chenyewe kinachozuia redio, na lazima ukitafute kwa macho.

Hatua ya 3: Anwani

    ip -br addr

Iwapo kadi iko hai lakini haina anwani ya IPv4, au ina anwani inayoanza na 169.254, mashine iliomba anwani kwa DHCP (utaratibu wa ruta kugawia mashine anwani) na haikupewa. Namba za 169.254 ni za mashine kujigawia yenyewe pale ambapo hakuna aliyeitikia. Hazipiti kwenye ruta yoyote.

Katika maeneo ambayo umeme hukatika mara kwa mara, chanzo cha kawaida ni hiki. Seva iko kwenye betri ya akiba na haizimiki, lakini ruta haiko kwenye betri. Anwani ya DHCP ni ya kuazimwa: mashine hujaribu kuongeza muda ikifika nusu ya muda iliopewa, na hujaribu tena muda huo unapokaribia kwisha. Ruta ikiwa imezimika katika vipindi hivyo vyote, muda huisha na anwani hutolewa. Umeme ukirudi, seva inaweza kuwa imeingia katika kipindi cha kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuuliza tena, na mtu asiyejua huhukumu kuwa seva imeharibika. Kwa hiyo betri ya akiba ya seva isiyoihudumia ruta na swichi imefanya nusu ya kazi.

Omba anwani upya kupitia programu inayosimamia kadi yako. Panapotumika dhclient:

    sudo dhclient -r enp3s0
    sudo dhclient -v enp3s0

Panapotumika systemd-networkd ni `sudo networkctl renew enp3s0`. Panapotumika dhcpcd ni `sudo dhcpcd -n enp3s0`. Panapotumika NetworkManager ni `sudo nmcli device connect enp3s0`. Usiendeshe dhclient kwa mkono kwenye mashine inayosimamiwa na NetworkManager, kwani utakuwa na waombaji wawili wanaopokonyana kadi moja. Kumbuka pia kwamba `dhclient -r` huiachia anwani, kwa hiyo aliyeingia kupitia kadi hiyo kwa SSH asiiendeshe.

Soma anachosema dhclient. Akirudiarudia DHCPDISCOVER bila DHCPOFFER kutokea, hakuna anayemjibu, na tatizo liko kwenye ruta au swichi. Ukiona DHCPACK, anwani imepatikana.

Ikiwa ruta haitoi anwani na kazi haiwezi kusubiri, jiwekee anwani ya muda. Kwanza hakikisha hakuna mwingine anayeitumia, kwa sababu mashine mbili zenye anwani moja huleta ugonjwa mgumu kuutambua, ambapo kila moja hupata mtandao kwa dakika chache na kuupoteza:

    sudo arping -D -c 3 -I enp3s0 192.168.1.20
    sudo ip addr add 192.168.1.20/24 dev enp3s0

Endesha amri ya pili ikiwa tu ya kwanza imesema haikupata jibu hata moja.

Hatua ya 4: Njia ya kutoka

    ip route
    ip route get 1.1.1.1

Amri ya kwanza huonyesha orodha, lakini ya pili ndiyo ninayoiamini zaidi, kwa kuwa huiuliza kerneli ingempitishia wapi msafiri huyu hasa, kwa kuzingatia kanuni zote. Ikijibu `Network is unreachable`, njia ya msingi haipo, irudishe hivi:

    sudo ip route replace default via 192.168.1.1 dev enp3s0

Ikionyesha kadi usiyoitarajia, umekutana na tatizo jingine. Kompyuta yenye waya na Wi-Fi kwa pamoja huwa na njia mbili za msingi, na yenye metric (namba ya kipaumbele) ndogo hushinda. NetworkManager kwa kawaida huupa waya 100 na Wi-Fi 600. Waya uliounganishwa kwenye swichi isiyo na mtandao wa nje utaendelea kuvuta pakiti zote huku Wi-Fi nzima ikikaa bure. VPN (mtandao wa faragha unaopita juu ya intaneti) iliyokufa vibaya nayo huweza kuacha njia inayoelekea kwenye handaki lisilo na mwisho, na utaiona kwa majina kama tun0 au wg0.

Kwa seva zenye Docker, programu inayoendesha programu nyingine ndani ya kontena zilizotengwa, tazama kwa makini anwani zinazoanza na 172. Docker hujichukulia 172.17.0.0/16 kwa daraja lake la docker0, na huendelea na 172.18 na kuendelea kadiri mitandao mipya inavyoundwa. Ofisi yako ikiwa inatumia anwani hizohizo, sehemu moja ya ofisi itatoweka machoni pa seva siku ambayo mtu ameanzisha kontena jipya, ilhali mtandao wa nje unaendelea vizuri. Niliyaona haya yakidhaniwa kuwa ni hitilafu ya swichi kwa karibu wiki mbili. Tiba ya kudumu ni kuipangia Docker anwani nyingine kwenye `/etc/docker/daemon.json`.

Hatua ya 5: Majina

Namba zinajibu, majina hayapatikani. Tenganisha kwanza kati ya seva ya majina (DNS, inayogeuza majina kuwa namba) na mashine yako:

    dig @1.1.1.1 debian.org
    cat /etc/resolv.conf
    ls -l /etc/resolv.conf

Ikiwa dig inapata jibu, njia ni nzima na kilichoharibika ni maelezo ya mashine yako kuhusu nani wa kuulizwa. Ukiona `nameserver 127.0.0.53`, msimamizi ni systemd-resolved, na faili hilo ni kiungo tu kinachoelekea kwingine. Usilihariri kwa mkono. Tazama `resolvectl status`, kisha jaribu `sudo systemctl restart systemd-resolved`. Ukihitaji seva ya majina ya muda, tumia `sudo resolvectl dns enp3s0 1.1.1.1`. Ikiwa resolv.conf ni faili la kawaida, andika ndani yake mstari wa `nameserver 1.1.1.1`, ukijua kwamba DHCP itauandika upya wakati wowote.

Angalia na saa, kwa amri ya `date`. Mashine ambayo betri ya saa imekufa, au Raspberry Pi ambayo haina betri hiyo, inaweza kuamini kuwa iko miaka kadhaa nyuma, na hapo vyeti vya tovuti salama hukataliwa hata kama pakiti zinapita bila kikwazo. Irekebishe saa kabla ya kuendelea.

Upo ugonjwa mmoja unaofanana na huu lakini si wa majina: ping inafanya kazi, SSH inaunganika, lakini kurasa kubwa na faili nzito hukwama bila ujumbe wowote. Huo ni ugonjwa wa ukubwa wa pakiti. Jaribu:

    ping -M do -s 1472 1.1.1.1
    ping -M do -s 1464 1.1.1.1

Baiti 1472 ukijumlisha na 28 za vichwa ni 1500, kipimo cha kawaida cha Ethernet. Ikishindikana hiyo na kufaulu ya pili, unapita kwenye PPPoE (aina ya muunganisho wa mtoa huduma) yenye kikomo cha 1492, na `sudo ip link set dev enp3s0 mtu 1492` itakufungulia. Na ikiwa kuna mtu aliyekuwa akibadilisha ukuta wa moto siku hiyo, tazama `sudo nft list ruleset` kabla ya kuhangaika na mengine.

Hatua ya 6: Huduma inayosimamia mtandao

Ni baada ya hapo tu ndipo naona inafaa kuanzisha huduma upya. Kwanza jua iliyopo:

    systemctl is-active NetworkManager systemd-networkd networking

Kwa NetworkManager, `nmcli device status` itakuonyesha kila kadi na hali yake. Neno unmanaged lina maana kwamba kadi imeachwa nje ya usimamizi, na `sudo nmcli device set enp3s0 managed yes` huirudisha. Kabla ya kuianzisha upya huduma nzima, zima na uwashe mtandao ndani yake: `sudo nmcli networking off && sudo nmcli networking on`. Nayo isiposaidia, `sudo systemctl restart NetworkManager`.

Kwa systemd-networkd, amri ya `sudo networkctl reconfigure enp3s0` hugusa kadi moja tu, na ni bora kuliko kuanzisha upya huduma nzima. Kwa Debian inayotumia `/etc/network/interfaces`, andika `sudo sh -c 'ifdown enp3s0; ifup enp3s0'` katika mstari mmoja. Siipendekezi `systemctl restart networking` kwa mashine ya mbali, kwani hushusha kadi zote kwa pamoja na kosa dogo la herufi ndani ya faili huzuia zisipande tena. Kwa Ubuntu yenye netplan, tumia `sudo netplan try`: hujaribu mpangilio na kuurudisha wa zamani yenyewe usipothibitisha ndani ya sekunde 120. Kila mfumo ungekuwa na amri ya namna hiyo, safari nyingi za usiku zingeepukika.

Kwa modemu za USB, `mmcli -L` huorodhesha modemu na namba zake, na `sudo mmcli -m 0 --reset` huiwasha modemu namba 0 upya bila kuichomoa.

Hatua ya 7: Draiva

Kuna wakati kadi yenyewe imeganda, hasa Wi-Fi ya kompyuta mpakato iliyoamka kutoka usingizini. Dalili ni kwamba kadi haionekani kabisa kwenye `ip link`, au dmesg (orodha ya ujumbe wa kerneli) imejaa malalamiko ya draiva. Itambue draiva kwa `lspci -k` au `ethtool -i enp3s0`, kisha iondoe na kuirudisha. Kwa kadi nyingi za Wi-Fi za Intel ni hivi:

    sudo modprobe -r iwlmvm iwlwifi
    sudo modprobe iwlwifi

Moduli ya iwlmvm hutangulia kutoka kwa sababu inaikalia iwlwifi. Ukianza na ya pili utaambiwa kuwa inatumika. Hii isipotosha, iondoe kadi kwenye basi la PCI na uiite tena, ukiwa umehakikisha namba yake kwa `lspci -D`:

    echo 1 | sudo tee /sys/bus/pci/devices/0000:03:00.0/remove
    echo 1 | sudo tee /sys/bus/pci/rescan

Ni sawa na kuichomoa kadi na kuichomeka, ilhali mashine inaendelea na kazi zake. Ukikosea namba unaweza kuondoa diski, kwa hiyo isome mara mbili.

Kwa watumiaji wa FreeBSD, OpenBSD na macOS

Mpangilio wa kufikiri ni uleule, amri ndizo hubadilika. Badala ya `ip` utatumia `ifconfig`, na njia utazitazama kwa `netstat -rn`. Kwenye FreeBSD, kuanzisha upya kadi hufuta njia ya msingi, kwa hiyo amri mbili zinazofuata hazitenganishwi, hasa ukiwa mbali:

    service netif restart && service routing restart

Kwenye OpenBSD ni `doas sh /etc/netstart em0`. Kwenye macOS, `sudo ipconfig set en0 DHCP` huomba anwani upya, na kumbukumbu ya majina husafishwa kwa `sudo dscacheutil -flushcache` ikifuatiwa na `sudo killall -HUP mDNSResponder`.

Mtandao ukisharudi

Kila ulichoweka kwa amri ya `ip` kimo ndani ya kerneli tu na kitatoweka siku mashine itakapozimwa. Kiandike kwenye faili la mipangilio la huduma inayosimamia kadi yako leo hii, si siku nyingine. Kisha linganisha hali mpya na faili la `kabla.txt`, na utafute saa kamili mtandao ulipoanguka:

    journalctl -k --since "2 hours ago" | grep enp3s0

Mistari ya `Link is Down` na `Link is Up` itakuambia mengi. Ikifuatana kila baada ya dakika chache, ni waya au tundu la swichi. Ikitokea saa moja na kukatika kwa umeme, ni swichi isiyo na betri. Isipokuwepo kabisa, waya haukuguswa na unatakiwa utafute kwenye DHCP au njia. Ikiwa mashine yako haihifadhi kumbukumbu hizi baada ya kuzimwa, tengeneza saraka ya kuzihifadhi ili mkatiko ujao ukukute na ushahidi:

    sudo mkdir -p /var/log/journal
    sudo systemctl restart systemd-journald
    sudo journalctl --flush